Unamzika Nani, Rumenka?

Mjini kwetu bado wapo wanaosema Rumenka ana roho mbaya. Waache waseme. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaosema hayo wengi wao hawajawahi kumgeuza hata paka aliyelala.

Mwanawe, Vukašin, alikuwa na miaka kumi na mitano. Hatembei, hasemi, na shingo yake humsikia siku inayotaka yenyewe. Alipenda vitu viwili duniani: mwali wa mshumaa na mlio wa kijiko kikigonga glasi. Akivipata hivyo hucheka kicheko kinachomtikisa kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, na ukikisikia mara moja hutakisahau. Asubuhi lazima ainuliwe kitandani, aogeshwe, avalishwe, awekwe kwenye kiti cha magurudumu, alishwe chakula kilichopondwa kijiko kimoja kimoja asije akapaliwa. Jioni yote hayo hurudiwa kinyumenyume, na usiku ageuzwe ubavu ili ngozi isichubuke. Alipokuwa mdogo Rumenka alimbeba kwa mkono mmoja huku anakoroga mchuzi kwa mwingine. Sasa kijana amerefuka kama baba yake, na mama ni yule yule, mwembamba, wa kupeperushwa na upepo.

Baba alikuwepo. Aliitwa Radoje, alifanya kazi kiwanda cha mbao, hakuwa mlevi, hakumpiga mtu. Akirudi kazini alikula, akapanda darini kwa njiwa wake. Alikuwa na njiwa wa kuruka juu, wale wanaopaa mpaka wanapotea machoni, na alimjua kila mmoja kwa jina, kwa tabia na kwa ugonjwa wake wa utotoni. Njiwa akipiga chafya, Radoje halali. Lakini ukimuuliza mwanawe anakunywa dawa ya kifafa saa ngapi, anageuza shingo kumtafuta Rumenka.

Na alikuwepo mama mkwe, Kosara. Huyo ndiye aliyekuwa na funguo zote za nyumba, na za mdomo wake hakuwahi kuzitafuta.

Kisa chenyewe kilianzia mbali, mwaka ule Rumenka alipoletwa bibi harusi. Kwetu kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake ikifika mlango huachwa wazi. Hakuna anayealikwa. Aliyekuja mwaka jana anajua njia, na akiingia hafukuzwi. Rumenka alitoka kwenye ukoo wa Mtakatifu Nikola, na kwao, kama kwa watu wengi, siku hiyo huchemshwa ngano, ikasagwa na kokwa za jozi na sukari, kila mgeni akala kijiko kimoja mlangoni kwa kumkumbuka mtakatifu na wafu wa nyumba. Akaolewa kwenye ukoo wa Malaika Mkuu Mikaeli. Sasa malaika hajafa. Ngano ni ya waliokufa, na malaika yu hai, kwa hiyo huku kwetu nyumba zinazomsherehekea hazichemshi ngano siku hiyo. Bibi harusi hakujua. Aliamka alfajiri, akachemsha, akasaga, akaipamba msalaba wa jozi, akaja nayo sebuleni huku anatabasamu.

Kosara alilipokea lile bakuli mbele ya wageni wote. "Unamzika nani, bibi harusi?" akauliza, akatoka nje akawamwagia kuku.

Wageni walicheka mpaka machozi. Mwaka uliofuata walimkumbusha, na mwaka mwingine tena. Hata pale alipojifungua Vukašin na daktari akasema alichosema, alikuwepo shangazi mmoja aliyenong'ona jikoni kwamba labda ni ile ngano. Rumenka alisikia. Alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni, akaendelea kukamua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nyumba ile hawakuwa watu wa kusikiliza kimya.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupumua. Kina mama wenye watoto kama wake walikutana kwenye darasa la chekechea ya zamani, wakanywa kahawa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Kiongozi wao alikuwa Stamena, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye binti yake hasikii wala haoni vizuri. Siku moja aliwaletea mwanasaikolojia kutoka mji mkuu, mama mzuri aliyevaa skafu ya hariri.

"Mjipende," akawaambia. "Kila siku jitengee saa moja yako. Jaza bafu maji ya moto, washa mshumaa wenye harufu nzuri, zima simu."

"Na mtoto nimweke wapi bafu likijaa?" Stamena akauliza. "Kwenye friji?"

Walicheka hadi mmoja akaanguka na kile kiti chake kidogo. Yule mama naye alicheka, halafu akalia kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Rumenka alirudi nyumbani bado anatabasamu, na Kosara akamuuliza kama mkutano wa wavivu umekwisha.

Kisha mgongo ukakataa. Rumenka aliinama kumvua Vukašin soksi, akabaki ameinama hivyo hivyo kama bawaba iliyoshika kutu. Daktari wa mgongo aliitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha.

"Hili halina mzaha, mama. Unahitaji siku kumi za maji ya moto kule Banja, penye chemchemi, na huko usiinue hata ndoo. Usipopumzika, siku moja utainama kumwinua kijana na hutainuka tena. Halafu nani atamwinua?"

Swali hilo Kosara alikuwa na jibu lake tayari. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akitaja Makao, kule nyuma ya mlima, ambako watu kama Vukašin hulazwa safu kwa safu na kuta zimepakwa rangi ya kijani. "Wana masista, wana bustani," alisema, kwa sauti ya mtu anayesifia hoteli. Rumenka aliwahi kwenda kuyaona hayo Makao. Aliwaona waliolazwa wakitazama dari, na hakusikia kicheko hata kimoja. Kwa hiyo alielewa vizuri kilichokuwa mezani: mgongo wake ukivunjika, mwanawe anakwenda kutazama dari.

Stamena alipigania, akapata nafasi za Banja kwa kina mama wachache wakati wa masika. Nafasi moja ilikuwa ya Rumenka. Alinunua ndara mpya za kuogea, za bluu. Akapanga nguo kwenye begi. Akamfundisha Radoje kumlisha kijana, Radoje akitikisa kichwa huku macho yakiwa dirishani kwa njiwa.

Asubuhi ya safari Vukašin akashikwa na kifafa. Hakikuwa kikali; alishawahi kupata kikali zaidi. Rumenka akapiga magoti kando yake, akamshika kichwa, akasubiri kipite. Kilipopita akainua macho, akamwona Kosara mlangoni, amevaa koti.

"Utamwachaje mtoto hivi?" Kosara akasema. "Si ungekuwa mama wa ajabu. Lakini nafasi isipotee bure, mkwe. Mimi nina magoti yanayouma."

"Mama ana magoti," Radoje akaunga mkono, akilitazama zulia. "Nimeshaongea nao kwa simu. Wamesema hakuna shida, familia ni moja."

Na begi likabebwa, lile lile la Rumenka, na ndara za bluu ndani yake. Gari lilipokata kona ndipo Rumenka alipotambua kilichokuwa kikimkwaruza machoni muda wote. Nywele za Kosara. Zilikuwa zimewekwa mawimbi, zimepuliziwa dawa, kila wimbi mahali pake. Saluni ya mjini haifunguliwi kabla ya saa tatu asubuhi, na saa hizo hazikuwa zimefika. Nywele zile zilitengenezwa jana yake, kabla ya kifafa, mtoto akiwa mzima anachekea kijiko.

Siku kumi zilipokwisha Kosara alirudi na mashavu mekundu kama msichana. Alimletea Rumenka boksi la kaki, biskuti nyembamba tamu za Banja, na kikombe chenye picha ya chemchemi.

"Nilikuwazia huko, mkwe," akasema.

Rumenka alishukuru. Kikombe akakiweka juu ya kabati mahali ambapo angekiona kila anapoosha vyombo, na kaki hakuzigusa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Majira ya kiangazi yakapita, mgongo ukizidi kuuma. Novemba, jani la mwisho likiwa limeanguka, simu ikalia.

"Shoga, umekaa?" Alikuwa Stamena.

"Nikae lini?"

"Basi shika ukuta. Mama mmoja kavunjika mguu, nafasi yake Banja ni yako. Safari hii nimewaambia, wakipigiwa simu na mwanaume yeyote wamtukane. Basi dogo linaondoka uwanjani saa nane mchana, tarehe ishirini na moja. Usipotokea anapewa mwingine, sina la kufanya."

"Stamena, tarehe ishirini na moja ni Malaika Mkuu."

"Najua. Ndiyo maana nilifumba macho nikikwambia."

"Nyumba itajaa watu."

"Basi ijaze," Stamena akasema, "halafu utoke."

Rumenka alikata simu, akasimama pale akikitazama kile kikombe juu ya kabati. Ghafla akacheka. Vukašin, kwenye kiti chake, akacheka naye bila kujua wanacheka nini, na walicheka hivyo mama na mwana mpaka Kosara akagonga ukuta.

Kwa wiki mbili hakuna mkwe aliyekuwa mtiifu kama yeye. Alisugua sakafu, akafua mapazia. Aliviringa nyama kwenye majani ya kabichi chachu, sufuria mbili zikajaa, akaoka keki za tabaka, akamwagiza nguruwe wa kuchoma kwa mwokaji. Stamena alikuja siku mbili kumsaidia kuinua mizigo, na Kosara akapita jikoni akionja, akasema kwa mara ya kwanza tangu harusi kwamba chumvi imekaa sawa. Kitu kimoja tu hakikupikwa kwenye jiko lile. Kilipikwa kwa Stamena, mchana kweupe, dirisha likiwa wazi na redio ikiimba.

"Una hakika?" Stamena alimuuliza, akiipondaponda ngano.

"Ongeza sukari," Rumenka akajibu.

Jambo moja tu lilimnyima usingizi, naye hakulificha kwa rafiki yake. Deni alilodai lilikuwa kwa wakubwa, si kwa mtoto. Kwa hiyo wakapatana: Stamena atapita kila siku kumchungulia Vukašin. Akimkuta hatarini, aingilie. Akimkuta hajachanwa nywele, au suruali imevaliwa nyuma mbele, au baba mtu analia, ageuke aende zake.

Siku ikafika. Kasisi alikuja asubuhi, akaubariki mkate, mshumaa mrefu ukawashwa mezani. Kufika mchana sebule ilijaa: ndugu, majirani, watu wa kiwanda, watu wa njiwa. Sheria ya siku hiyo kila mtu anaijua. Mwenye nyumba, mwanaume, haketi. Anasimama, anamwaga pombe, anahudumia, mpaka mshumaa uzime wenyewe. Kwa Radoje sheria hiyo ilikuwa na namna yake: Radoje alisimama wakati wa sala, kisha akakaa kwenye kichwa cha meza kuzungumzia njiwa, na aliyesimama mpaka mshumaa unazima alikuwa Rumenka. Vukašin siku hiyo hufungiwa chumba cha nyuma. "Asisumbuliwe na kelele," Kosara huwaambia wageni, akiwa na maana kwamba kelele zenyewe ni mtoto.

Supu ikapita, kabichi ikapita. Watu walikuwa wamelegeza mikanda wakisubiri nguruwe. Rumenka akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akasukuma kiti cha magurudumu katikati ya sebule, moja kwa moja hadi penye mshumaa. Alikuwa amemvalisha shati jeupe na tai. Vukašin aliuona mwali, akafungua mdomo, kicheko kikajaza nyumba.

"Rumenka," Kosara akasema kwa meno yaliyofungwa, "huyu mtoto atapata baridi."

"Baridi iko chumba cha nyuma, mama."

Akaingia jikoni, akatoka na bakuli kubwa. Ngano, sukari juu yake kama theluji, msalaba wa jozi katikati, na glasi ya vijiko pembeni. Uma mmoja ulianguka, hakuna aliyeinama kuuokota.

Baba mkubwa Krsman, kaka wa marehemu mumewe Kosara, alikuwa karibu na mlango. Ni mzee asiyesikia vizuri, lakini macho yalimwambia ngano imekuja, na mkono wa mtu wa huku ukiiona ngano haungoji akili. Alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akachota kijiko, akala.

"Mungu amrehemu," akasema kwa sauti. Ndipo akatazama huku na huku. "Kafa nani? Mbona sikuambiwa?"

Kosara alikuwa ameinuka, uso umemwiva. Na maneno yaliyomtoka yalikuwa yale yale, hakuyatafuta, yalikuwa yamemngoja mdomoni miaka yote hiyo.

"Unamzika nani, Rumenka?"

"Namzika mkweo, mama," Rumenka akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana hata Krsman alisikia. "Mwaka ule wewe ulikuwa na haki, nilikosea, nilichemsha mapema. Sasa ni wakati wake. Mkweo amekufa hapa ndani taratibu, mbele yenu, mkimwambia alete chumvi. Daktari alisema siku kumi za maji ya moto zingemponya. Zilipopatikana, ulikwenda wewe. Na usiseme ni kwa sababu ya kifafa. Nywele ulizitengeneza jana yake."

Wageni wakageukia nywele za Kosara. Zilikuwa na mawimbi hata siku hiyo.

"Mama ana magoti..." Radoje alianza.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja."

Akaanza kuzungusha bakuli. Kwetu ngano ya marehemu haikataliwi. Ukiikataa umemkana maiti. Mmoja baada ya mwingine wakasimama, wakafanya ishara ya msalaba, wakala, wakasema "Mungu amrehemu" huku wakikwepa macho yake. Yule shangazi wa jikoni, ambaye sasa ni mzee, alikula mpaka punje ya mwisho. Krsman, alipoelewa, aliimimina pombe yake matone kadhaa chini kama inavyopasa kwa wafu, na matone yaliangukia zulia la Kosara, lile ambalo viatu haviruhusiwi juu yake.

Wa mwisho alikuwa Kosara mwenyewe. Rumenka alimsogezea bakuli hadi kifuani.

"Kula, mama. Kuku leo wameshiba."

Watu wote walikuwa wanatazama. Wanawake wa mtaa mzima, watu wa kanisani, watu wa njiwa. Kosara alichota, akatafuna muda mrefu kama mtu anayetafuna kokoto, na kumeza akameza. Lile neno la rehema lilimtoka kwa mnong'ono, lakini lilimtoka.

Rumenka akafungua aproni yake, akamvisha Radoje shingoni, akamfunga kamba nyuma kwa mafundo mawili.

"Mwenye nyumba hasimami kwa sala tu. Simama. Nguruwe yuko kwenye oveni, na dawa ya Vukašin ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akila, mshike kidevu. Usiku mgeuze. Hawezi kukuita, kwa hiyo amka mwenyewe."

"Unakwenda wapi?" Radoje akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Marehemu huulizwa anakokwenda?"

Aliinama, akambusu mwanawe kwenye paji la uso, akagonga kijiko kwenye glasi mara tatu ili amwache anacheka. Hapo mlangoni aligeuka kumtazama tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa kisogo kwa zaidi ya saa mbili. Alishika begi kwa nguvu zaidi, akatoka. Alifika uwanjani nusu saa kabla ya basi.

Watu husema kisasi hakishibishi. Waongo hao, au hawajawahi kulipiza kwa haki. Rumenka alipoingia kwenye lile bwawa, maji ya moto yakampanda hadi shingoni, na mgongo wake, pingili baada ya pingili, ukaanza kuachia mzigo ambao hakujua bado ameubeba. Alilala palepale, mdomo wazi. Mhudumu akamwamsha: "Mama, mama, utazama!" Akamjibu, "Niache kidogo," akalala tena. Aliamka analia na hakuona haya, kwa sababu kwenye maji nani anajua.

Siku ya tatu Radoje alipiga simu.

"Rumenka, siwezi. Mgongo wangu umekatika. Jana nilimwinua, nikasikia kitu kinalia tap."

"Ulimwinua vipi?"

"Kwa mikono, kwani nimwinue kwa kitu gani?"

"Kwa magoti. Unachuchumaa kwanza, unamkumbatia, halafu unanyanyuka naye. Mgongo unauma sana?"

"Sana."

"Vizuri," akasema. "Na kesho asubuhi utamwinua tena."

Nyuma ya Radoje alisikia kijiko kikigonga kitu, na kicheko alichokijua. Kikamchoma kwa wivu hata akashangaa. "Nani anamgongea kijiko?" akauliza.

"Mimi," Radoje akasema. "Hali chakula bila kugongewa. Hukuniambia."

Ni kweli, hakumwambia. Hilo alilisahau, au alimnyima makusudi. Mpaka leo hana hakika, na hajajilaumu. Stamena alimpa habari kila jioni, kwa furaha ya mtu anayesimulia mechi: Radoje hajanyoa, Radoje kalala kwenye kiti, kijana mzima, anakula, Kosara anaponda viazi, ndiyo, Kosara, na suruali leo imevaliwa sawa.

Siku kumi zikaisha. Kabla ya kupanda basi Rumenka aliingia dukani, akanunua boksi la kaki tamu na kikombe chenye picha ya chemchemi.

Nyumbani alifungua mlango bila kubisha. Vukašin alikuwa jikoni, si chumba cha nyuma, amekaa penye mwanga wa dirisha. Alipomwona mama yake alirusha mikono, akapiga kelele zile zake zisizo na maneno, na Rumenka alipiga magoti akaweka uso wake kwenye mapaja yake. Alikuwa safi. Alinuka sabuni nyingi mno.

Radoje alisimama penye jiko, aproni shingoni, macho yamezama ndani ya fuvu. Darini kulikuwa kimya.

"Njiwa wako wapi?" Rumenka akauliza.

"Kwa baba mkubwa Krsman. Sikupata nafasi ya kuwatazama." Akakoroga sufuria, akaacha kukoroga. "Rumenka, mimi sikujua. Naapa sikujua."

"Ulijua," akamwambia. "Ulikuwa chumba cha pili."

Radoje akageukia jiko, akapunguza moto.

Kosara alikuwa kwenye kiti chake karibu na meza. Nywele zake zilikuwa zimelala, mawimbi yamekwisha, na vidoleni palikuwa na plasta mbili. Rumenka alifungua begi, akamwekea mbele yake boksi na kikombe, akavisogeza vikae sawa.

"Nilikuwazia huko, mama."

Kosara aliligeuza boksi mikononi upande huu na upande ule. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na uchungu huo alikuwa anausoma juu ya boksi neno kwa neno.

Vukašin alitoa ile sauti yake ya kutaka kuinuliwa. Miguu ya Rumenka ilikwenda yenyewe, mikono ikanyooka, kiuno kikaanza kuinama. Akajizuia. Akavuta kiti cha kichwa cha meza, kile cha Radoje, akakaa.

"Baba yako yupo," akamwambia mwanawe.

Radoje akafuta mikono kwenye aproni. Akachuchumaa kwanza, akamkumbatia kijana, akanyanyuka naye kwa magoti, kama inavyotakiwa. Akampeleka kitandani, kisha akarudi na sahani ya supu, akamwekea mkewe mezani, akabaki amesimama.

"Na mwakani?" Kosara akauliza polepole, macho bado kwenye boksi. "Siku ya Malaika. Utachemsha tena ngano?"

Rumenka alichovya kijiko. "Tutaona mwakani kafa nani, mama," akasema.

Supu ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Aliinywa yote, akaomba nyingine.